Vitabu Nilivyochoma kwa Heshima

Nekesa, siku nilipokukabidhi funguo uliniambia, "Mzee Khamis, si uniandikie tu list ya kazi? Hizo zingine nitamanage." List nimekuandikia. Nimeibandika ubavuni mwa friji ya maziwa, na ndani yake umo utaratibu wa boila, siku za mapipa ya taka, na namba ya simu ya fundi wa lifti, ambaye hapokei simu. Haya ninayoandika hapa hayakuenea kwenye list. Nayaandika kwa Kiswahili cha kwetu Unguja, wala usinicheke. Chako cha Kitale nimekivumilia miezi mitatu bila kusema neno.

Vyeo usivitafute humu. Niliingia mtunza jengo la sinagogi na nimetoka mtunza jengo la sinagogi, na kilichopanda miaka yote hiyo ni uzito wa funguo. Mshahara ulikuwa wa kutosha kuulalamikia.

Nilitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, kijana mwenye cheti cha ufundi umeme. Mama nilimwacha Kikwajuni na ahadi kwamba nitarudi mambo yakitulia. London nilifikia Tottenham, nikapata kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa. Kwenye ofisi ya kutafutia watu kazi wakaniambia kuna sinagogi, safari ya basi moja kutoka kwangu, linataka mtunza jengo anayejua umeme, na sharti asiwe Myahudi. Nikamwambia karani kwamba sharti hilo nalitimiza vizuri. Ndiyo kazi pekee niliyopata katika nchi hii ambayo kutokuwa mwenzao kulikuwa sifa.

Mke wangu Rukia hakupendezwa. "Watu msikitini watasemaje, Khamis?"

"Watasema nina kazi," nikamjibu, na kweli ndivyo walivyosema, baadhi yao kwa kuuliza kama kuna nafasi nyingine.

Aliyenifundisha alikuwa Mwairishi mmoja, Desmond, Mkatoliki, magoti yamemwisha, yumo mbioni kustaafu kama mimi sasa. Siku ya kwanza hakunionesha boila wala swichi. Alinikalisha jikoni akanieleza Sabato. Tangu Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi nyota zinapotoka, wenye jengo hawawashi taa wala hawazimi, hawapiki, hawaandiki, hawagusi simu. "Kwa hiyo tunahitajika sisi," akasema. "Lakini sikiliza. Hawatakwambia washa. Dini yao haiwaruhusu kukutuma waziwazi siku hiyo. Watasema jambo tu, na kazi yako ni kulielewa."

Jumamosi yangu ya kwanza taa ya ngazi za chini ilikuwa imesahauliwa. Bwana mmoja mnene akaja akasimama karibu nami, akautazama ukuta, akauambia, "Ngazi hizi leo zina giza. Mtu anaweza kuteguka mguu." Nikaenda nikawasha. Desmond alinitazama kwa husuda kidogo. Yeye, alisema, ilimchukua mwaka mzima. Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni Unguja hasemi nipe maji, anasema leo jua kali. Ukimwacha na jua lake utasemwa mpaka kaburini.

Desmond alinirithisha vitu vitatu ambavyo na wewe sasa umevirithi. Cha kwanza ni pasi ya zamani na furushi la karatasi za kaki, za kutolea nta ya mishumaa kwenye zulia: weka karatasi juu ya nta, pitisha pasi ya vuguvugu, karatasi itainywa. Usikwangue kwa kisu. Alama ya kisu unayoiona mbele ya jukwaa ni yangu. Cha pili ni saa za kuwashia taa zenyewe, ambazo lazima uzitegeshe Ijumaa mchana na uzihakikishe mara mbili, maana ukikosea, watu mia watakaa gizani na wote watakuwa na adabu mno ya kukulaumu. Cha tatu ni sponji za rangi mbili, nyekundu ya vyombo vya nyama na buluu ya vyombo vya maziwa. Zisikutane, kwao nyama na maziwa havichanganyiki. Na sambusa zako za chakula cha mchana, kwa kuwa hazikupikwa kwa sheria zao, uzile nje, kwenye benchi, hata kama kunanyesha. Nimekula sambusa nyingi kwenye mvua.

Sala yao ya jamaa haisimami mpaka watimie wanaume kumi. Usiwahesabu kwa kidole, kumhesabu mtu kama mbuzi kwao si jambo jema. Wao hutumia aya moja ya maneno kumi, kila mtu akapewa neno lake, na neno likibaki bila mtu wanajua wamepungua. Alasiri za baridi walikuwa wakifika tisa, wakikaa wananitazama, na mimi wa kumi nimesimama na fagio, na hakuna hata mmoja wetu mwenye la kufanya. Basi nilikuwa nikivaa koti nikaenda kumgongea mwenzao muuza vitambaa wa barabara ya pili, ambaye alikuwa akija huku bado anatafuna.

Mimi mwenyewe adhuhuri yangu niliisali chumba cha boila. Ukiwa London, kuelekea Jerusalem na kuelekea Makka ni karibu njia moja, kwa hiyo nilikuwa nikitandika mkeka wangu kwa kufuata ukuta wa kabati lao la Taurati, nikaupinda kidogo tu. Hakuna aliyewahi kunikataza. Mtu akifungua mlango akanikuta nimesujudu, aliufunga taratibu kuliko alivyoufungua.

Mtu niliyemzoea kuliko wote alikuwa Mzee Zelig. Kazi yake ya mkate ilikuwa ushonaji wa makoti, na katika sinagogi alikuwa mwimbishaji wa sala. Alikuwa mfupi, nadhifu, na sauti kubwa kuliko kifua chake. Tulifahamiana kwa njia ambayo nitaieleza hivyohivyo ilivyokuwa. Siku moja nilitoka msalani huku nanong'ona ile dua yetu ya kutokea, naye alikuwa anasubiri zamu nje.

"Unasema nini?" akaniuliza.

"Namshukuru Mungu, mzee. Kwa kutolewa udhia."

Alinitazama kana kwamba nimemtolea pesa sikioni. Akaniambia na wao wana dua hiyohiyo, wanamshukuru Mungu kwa matundu ya mwili, kwamba yanayopasa kufunguka yamefunguka. Tukacheka, mzee kwa kijana, mbele ya mlango wa choo. "Mimi na wewe," akasema, "tumekutana mahali ambapo mabalozi hawajafika."

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Myahudi anayetaka kuishi vizuri hujaribu kumshukuru Mungu mara mia kwa siku: kwa mkate, kwa tunda jipya, kwa radi, kwa kuamka. Mara mia ni nyingi, akakiri, na mtu huanza kuzisema kama anasoma ratiba ya basi. Kwa hiyo alikuwa na daftari. Kila siku, baada ya sala ya alasiri, alikaa kiti cha mwisho akaandika mstari mmoja kuhusu shukrani moja ambayo siku hiyo aliisema kwa moyo. Jumamosi haandiki, basi Jumapili aliandika miwili. Aliniruhusu nimuulize ameandika nini, na alinitafsiria. Leo goti limenyamaza. Leo dereva aliniona nakimbia, akasubiri. Leo nimemkasirikia mtu kwa haki, kisha nikaona si haki sana. Mimi niliyekuwa nasali sala tano na kuzimaliza zote nikiwaza bili ya gesi, nilimwonea wivu kwa daftari lile.

Nyuma ya daftari aliandika kitu kingine. Alikuja London kijana, kabla ya vita, kutoka mji mdogo wa Polandi. Wazazi wake na wadogo zake walibaki. Katika vita sinagogi la mji wao lilichomwa moto pamoja na vitabu vyake, na watu walikuwa wamefungiwa ndani. Hakubaki wa kumuuliza chochote. Kilichobaki ni mahadhi ya sala za mji ule ambayo Mzee Zelig aliyakumbuka, na aliyaweka kwenye daftari kwa alama zake mwenyewe, vistari vinavyopanda na kushuka kama njia ya mlimani. Moja kati ya hayo lilikuwa la baba yake, wimbo usio na maneno hata moja. Aliuimba mara moja tu kwa mwaka, siku ya kumkumbuka baba, na wiki nzima kabla yake alifanya mazoezi peke yake ukumbini, daftari mkononi, na mimi nikipiga deki. Wimbo usio na maneno ulinifaa. Niliweza kuufuatisha kwa pua bila kuvunja dini ya mtu yeyote.

Sasa nifike nilipokusudia, maana nimeona nazungukazunguka.

Chini ya ngazi kuna chumba kidogo. Wakati ule kilijaa makasha ya vitabu vya sala vilivyochanika. Desmond aliniambia neno moja tu kuhusu makasha yale: "Havitupwi. Kuna mtu huja kuvichukua." Hakuniambia vinapelekwa wapi, nami sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni, na tunakua tukiona haya kuuliza.

Mwaka wangu wa tatu bomba lilipasuka mle ndani. Makasha yakaloa, yakaanza kuota ukungu. Yule mtu wa kuvichukua alikuwa hospitali, sikukuu zao kubwa zinakaribia, na mwenyekiti wa kamati akanipigia simu: "Khamis, kile chumba kisafishe, jengo zima linanuka." Mafundi wa bomba wakanishauri nivitupe kwenye kontena la takataka lililokuwa nje. Nilikasirika. Niliwaambia hivyo si vitu vya kutupwa na watu waliolelewa.

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba msahafu ukichakaa hautupwi. Unachomwa mahali safi, na majivu yake huzikwa au hupelekwa baharini, ili jina la Mungu lisije likakanyagwa. Nikajiambia, humu jina la Mungu limo kila ukurasa. Nikasafisha pipa la chuma nikaliweka uani. Nikatawadha. Nikavua viatu. Nikapiga Bismillahi, nikaanza kuvichoma kimoja kimoja, bila haraka, nikiokota hata vipande vilivyopeperuka. Juu ya kasha la mwisho palikuwa na daftari limeloa, jalada limeachana, halitambuliki. Sikujua kusoma herufi zile, na kwangu kila kilichoandikwa kwa herufi zile kilikuwa cha Mungu. Nikalibusu, nikaliweka kwenye moto. Nakwambia kweli, nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa najiona mtu mwema kuliko wote London.

Mzee Zelig akaingia kwa lango la nyuma, amewahi sala ya alasiri.

"Khamis, unafanya nini?"

"Navisitiri, mzee. Vimeharibiwa na maji."

Alisogea akatazama ndani ya pipa. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama mara ya pili. Kisha akakaa chini, pale kwenye saruji, mzee mzima na koti lake alilolishona mwenyewe. Nilidhani amezidiwa, nikakimbia kumletea maji. Niliporudi hakuyapokea.

"Sisi tunavizika," akasema. "Vitabu tunavizika kama watu. Kuvichoma..." Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, kama kulikuwa na daftari. Alikuwa akilihifadhi mle chini ya ngazi, na lilipoloa aliliweka juu ya kasha ili likauke.

Alhamisi ile kamati ikakaa, na mimi nikaitwa nikasimama karibu na mlango. Bwana mmoja, ambaye simlaumu, alisema, "Mwislamu amechoma vitabu vyetu uani kwetu, kwa mshahara wetu." Nilikuwa na maelezo yangu yote tayari, ya chuo na ya msahafu, na Kiingereza chote kikanikauka. Mzee Zelig akainuka.

"Nilipoingia uani," akawaambia, "huyu alikuwa miguu mitupu, na miguu ilikuwa imelowa maji. Aliiosha kwanza. Waliochoma vya kwetu hawakunawa miguu."

Akakaa. Hakunitazama. Hivyo ndivyo nilivyobaki na kazi. Jumapili tulikwenda makaburini na majivu yamo ndani ya sanduku la mbao, nikachimba mimi, na Mzee Zelig akasoma sala. Tangu siku hiyo kila mwaka vitabu vilivyochakaa navipeleka mwenyewe kuzikwa, na wewe utavipeleka. Usimwachie mtu mwingine.

Lakini daftari maji yake yalishamwagika. Mzee Zelig alinunua jipya, akaandika upya mahadhi aliyoweza kuyakumbuka. Mistari ya shukrani hakuirudisha. Akasema ile ilishapokelewa ilikokuwa inakwenda. Miezi ikapita, siku ya baba yake ikakaribia, akaingia ukumbini kufanya mazoezi. Nikamsikia akianza vizuri. Akafika katikati akasimama. Akaanza tena, akasimama palepale. Siku tatu nilimsikia akisimama palepale, na kila akisimama, fagio langu nalo lilisimama. Mwanzo anao, mwisho anao, katikati hakuna kitu. Siku ya nne akaniita.

"Umeusikia wimbo huu kuliko mtu yeyote aliye hai," akasema. "Unakwendaje hapa?"

Kalamu alikuwa nayo mkononi. Nikaanza kumwimbia kwa pua, mwanzo ukatoka sawasawa, akawa anaandika na uso unamfunguka. Tukafika katikati, na mimi nikaona sikumbuki. Nilikuwa nausikia huku nakamua matambara na kuhamisha viti, nani angejua kwamba siku moja mji mzima ungeniegemea mimi? Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni jepesi. Lakini nilimwangalia yule mzee niliyemchomea daftari lake, na sikuweza. Nikaendelea kuimba, na kilichotoka kilikuwa kaswida aliyokuwa akiiimba mama yangu akichambua mchele, pale sauti inapopanda juu na kukaa kidogo kabla ya kushuka. Ikaingia bila kugoma. Nikaiunganisha na mwisho.

Mzee Zelig alikuwa ameinua kalamu. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akaandika.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na moja. Kila mwaka aliuimba siku ya baba yake. Jamaa wakaupenda, wakaanza kuuimba na Jumamosi alasiri, wanapokaa mezani na mkate na samaki kuiaga Sabato. Watoto wakaushika. Wageni wakija walielezwa kwamba haya ni mahadhi ya mji wa Mzee Zelig, yamesalimika vitani. Nilikuwa nasimama kwenye dirisha la jikoni na sinia la glasi nikisikia neno hilo, yamesalimika. Kwanza nilimchomea. Kisha nikamghushia. Watu walikufa motoni na kitu kimoja tu chao kilibaki, na ndani yake nimeingiza mchele wa Kikwajuni. Nilisali, nikafunga siku zisizo za faradhi, na kila nikimaliza nilijua kwamba kinachotakiwa si funga. Kinachotakiwa ni kupanda ngazi za nyumba ya mtu na kusema.

Mwishowe Mzee Zelig alipata ugonjwa wa koo, sauti ikaondoka, ikabaki ya kunong'ona. Nikaja nyumbani nikawaambia wangu habari hiyo na siri ya wimbo, Rukia akawa analia, na binti yetu Salma anafanya homework yake. Watoto waliozaliwa hapa huelewa kila kitu kwa Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza. "Baba, just tell him," akasema, bila kuinua kichwa. "What's he gonna do, sack you?"

Nilikwenda Jumatatu, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, blanketi magotini, chai ya limau kwenye glasi, na daftari mezani. Nilikataa chai. Kisha nikaikubali ili mikono ipate kazi.

"Mzee wangu, ule wimbo wa baba. Pale katikati."

"Pale unapopanda," akanong'ona.

"Ndiyo. Pale si pa mji wenu. Sikuwa nakumbuka. Nilikuangalia uso nikaogopa kunyamaza. Nikatia kaswida ya mama yangu."

Alikunywa chai kidogo, akaimeza kwa taabu. "Nilijua kabla hujavuta pumzi ya pili. Baba yangu alikuwa na sauti nzito. Asingepanda pale hata umpe ngazi."

Sikujua nicheke au nitoke. "Sasa kwa nini uliandika?"

"Nilikasirika. Mwaka mzima nilikukasirikia. Hukuona nilivyokuwa nikikusalimia?"

"Nilidhani ni meno."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Alipumzika muda mrefu, na nilikuwa tayari kuamini kwamba amelala. Kisha akanong'ona, na ilinibidi nisogee karibu sana.

"Mji ule hauna mtu, Khamis. Kila mwaka nilikuwa naingia peke yangu, naita majina, natoka. Mwaka ule nilipofika katikati, nilimkuta mwanamke anaimba. Sikujua ni nani. Lakini palikuwa na mtu." Akanitazama. "Miaka yote hii nasubiri uniambie ni nani."

Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu Kikwajuni, na sinia la mchele, na ahadi yangu ya kurudi mambo yakitulia. Mambo hayakutulia upesi, na watu wa aina yangu, tulioondoka baada ya Mapinduzi, hatukuwa na njia ya kwenda na kurudi tu tunavyotaka. Mama alifariki, na barua ya msiba ilinifikia arobaini yake imeshapita. Sikumshika mkono, sikubeba jeneza, sikumwaga udongo. Nilisoma hitima sebuleni Tottenham, nikaenda kazini, nikategesha saa za taa. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemlilia, nikamlilia pale, mbele ya glasi ya chai, na Mzee Zelig akaniacha nilie. Hakunipa pole hata moja. Aliweka mkono wake juu ya wangu akaurudisha.

Nilipomaliza akasukuma daftari kwangu, limefunguliwa kwenye ukurasa ule, na kalamu juu yake. Mkono wake ulikuwa haushiki tena kalamu.

"Andika hapo pembeni, jina lake na anakotoka. Wanaoimba wajue."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha yake."

Alifariki majira yaleyale ya baridi. Daftari aliliachia sinagogi, na liko kwenye kabati la kioo karibu na mlango, lile unalolipangusa vumbi kila Ijumaa, limefunguliwa palepale. Ukurasa mzima ni herufi zao na vile vistari vya kupanda na kushuka, isipokuwa mstari mmoja pembeni, mwandiko wangu mbaya. Watu husimama pale wakauliza ni lugha gani na inasema nini. Miaka yote nimewasomea mimi. Sasa katika jengo lile mwenye kuweza kuusoma ni wewe peke yako. Imeandikwa: Hapa anaimba Bi Mwanaisha binti Juma, wa Kikwajuni, Unguja. Ukiulizwa, weka fagio chini kwanza, kisha wasomee pole pole, na jina lake ulitaje lote.